Jicho Tulilomsingizia Kocha Gunnar

Mwezi uliopita nilipeleka gari Wadi Kabir, hapa Maskati, kubadilishwa breki. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, nasubiri, fundi wa jirani akawasha mashine ya kunolea. Harufu ya chuma kilichopata moto, imechanganyika na mafuta, ikanifika puani, na mara moja nikawa na miaka kumi. Nimekaa kwenye benchi, ubaridi unanipanda miguuni, jiwe liko mkononi, na wivu umenijaa. Sitaki kuupamba wivu ule kwa jina jingine. Nimeshawahi kuuita utoto, nikauita ujinga, na hayo yote ni majina ya kujipendelea.

Kwanza naomba mjue kwamba mimi ndiye niliyeitaka barafu. Tulikuwa tunakaa Darsait, ghorofa ya tatu: mimi, wazazi wangu, Bibi, na Raya, binti wa mama yangu mdogo. Mama yake alikuwa muuguzi Salala, kwa hiyo Raya alilelewa kwetu. Tulilala chumba kimoja, na kila Idi tulishonewa nguo za kitambaa kimoja. Niliona kwenye simu ya baba watu wakiteleza juu ya barafu, nikamsumbua miezi mitatu anipeleke kwenye uwanja wa barafu. Alipochoka alikubali kwa sharti moja, kwamba na Raya aende. Raya mwenyewe hakutaka. Siku ya kwanza alikuja na daftari lake la hesabu, akidhani atakaa pembeni amalizie kazi ya shule.

Bibi naye alikuja, maana hakuna safari iliyokuwa ikimpita. Nje jua la mwezi wa sita lilikuwa linalainisha lami, na ndani yeye amejifunga shali tatu juu ya baibui, amekumbatia chupa ya chai ya tangawizi. Alitazama ule weupe, akatazama watu wanavyozunguka.

"Watu wanatoka makwao kuja kuingia ndani ya friji," alisema. "Na friji nyumbani tunalo."

Wanaoanza walipewa penguini wa plastiki wa kushikilia wasianguke. Mimi penguini wangu nilimkumbatia wiki tatu. Raya alimwachia wake mzunguko wa tatu, akaenda zake mikono mitupu, na daftari la hesabu likabaki kwenye benchi na Bibi. Nakumbuka nilivyosimama nikimtazama, nimemng'ang'ania yule ndege. Nilihisi kama mtu aliyealika mgeni nyumbani kwake, kisha mgeni ndiye akapewa kiti cha mbele.

Aliyetufundisha alikuwa Mswidi, Kocha Gunnar, mtu mrefu mwenye goti bovu na meno mawili ya bandia mbele. Kabla ya mazoezi aliyatoa, akayatia kwenye kikopo cha plastiki, kikopo akakitia mfukoni. Halafu alitutabasamia na lile pengo lake, na sisi watoto tukafurahi kuliko tulivyofurahia barafu yenyewe. Alitusemesha Kiingereza cha polepole, na sisi tukamjibu kwa Kiingereza chetu cha shule. Hakuwa mtu wa sifa. Ukifanya vizuri sana alisema, "Inafaa," na ukifanya vibaya hakusema kitu. Wiki ya tano nilianguka kifudifudi, jino langu la mbele likakatika nusu. Nililia sana, na nilipomaliza kulia nikafurahi, kwa sababu sasa nilikuwa nafanana naye kidogo. Basi mtaona nilikuwa nimempenda kiasi gani.

Baada ya mwaka akaunda timu ya hoki ya barafu. Lengo lilikuwa kwenda Dubai kwenye mashindano ya watoto. Siku ya kusoma majina tulijipanga ukutani, na jina la Raya lilisomwa la kwanza. Nilihesabu hadi la kumi na tano, ambalo lilikuwa la mwisho, na langu halikuwemo. Wengine walipokwenda kujaribu fulana, Kocha aliniita kwenye kichumba cha vifaa.

"Zuwena, wewe njoo ukae hapa."

Akatoa mfuko wa ngozi uliochakaa, na ndani yake mlikuwa na jiwe la kunolea, limelika katikati kwa kutumika. Chuma cha kiatu cha barafu, alinieleza, kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kibonde chembamba. Ukipinda kushoto unaegemea makali ya ndani ya kiatu cha kulia, na yakiwa butu mguu unakukimbia. Mashine ya uwanjani inanoa, lakini inaacha vinyweleo vya chuma, na kuviondoa ni kazi ya mkono. Unapitisha jiwe taratibu, kisha unapitisha ukucha juu ya makali. Ukucha ukitoa unga mweupe, kiatu kiko tayari. Alinionyesha mara mbili, akaniachia jozi kumi na tano.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba Raya amechaguliwa kucheza na mimi nimechaguliwa kumtumikia. Mama alisema kila kazi ina heshima yake, kauli ambayo mtu huambiwa pale tu kazi yenyewe haina heshima.

Kila Jumanne na Alhamisi nikawa naingia kichumbani kabla ya wengine. Kocha alikaa naye akinoa vyake, na huku ananoa anazungumza. Alizaliwa mji mdogo wa kaskazini kwao, ambako ziwa huganda mpaka malori yanapita juu yake. Baba yake alikuwa mpasuaji mbao. Alianza kucheza na miaka sita, akawa beki, na akiwa na kumi na minane akaingia timu kubwa. Timu ya taifa ilimwita mara mbili: ya kwanza alikaa benchi mchezo mzima, ya pili alicheza dakika chache na gongo la mtu likamtoa meno. Goti lilipomshinda akawa kocha wa watoto wa mjini kwao, kisha wa timu kubwa, na hiyo ikamfukuza msimu haujaisha. Mkewe akapata kazi ya ualimu Maskati, na yeye akaja naye, alisema, kama sanduku la tatu.

"Kwetu watu walinisimamisha dukani nipige nao picha," alisema akicheka. "Hapa nabeba penguini."

Hadithi zile hakumsimulia mtoto mwingine. Mimi nilizisikiliza kwa sikio moja tu. Jingine lilikuwa nje, kwenye barafu, nikijaribu kujua kama ile sauti ya viatu inayokuja kwa kasi ni ya Raya.

Kisha ikaja siku ya wazazi kutazama mazoezi. Bibi alikaa mstari wa mbele na shali zake. Raya alimpita mvulana mmoja, akampita wa pili, akafunga, na Kocha Gunnar, mtu wa "inafaa", akamshika kichwa mbele ya watu wote. Akasema kwamba katika maisha yake yote ya barafu hajaona mtoto mwenye miguu kama ile. Wazazi wakapiga makofi. Nilimwona Bibi akikunja uso, midomo yake ikicheza haraka haraka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo ya matambara, na moyo wangu uliungua kweli. Nilimchukia Raya. Nilichukia miguu yake, nywele zake zilizotoka kwenye helmeti, na jinsi alivyokuwa akinitafuta kwa macho anipungie mkono.

Alhamisi iliyofuata Kocha alikuwa achague nahodha. Nilinoa jozi zote vizuri, na ya Raya nikaiweka ya mwisho. Nikachukua kiatu chake cha kulia, nikalaza jiwe juu ya makali ya ndani, nikasugua mara kumi, labda kumi na tano, mpaka ukucha ukapita pale kama unapita kwenye kijiko. Sikutaka aumie. Nilitaka ateleze kidogo tu, aonekane mtoto wa kawaida, na Kocha amwambie "inafaa" kama anavyoniambia mimi. Hicho tu ndicho nilichokitaka, na nilikitaka sana.

Raya aliingia kwa kasi yake ileile. Alipoegemea kupinda kushoto, mguu wa kulia ukamkimbia, akaenda na bega mpaka kwenye ukuta wa pembeni. Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Kocha alimfikia wa kwanza, akamlaza, akamvua viatu, na kwa mazoea yake tu akapitisha ukucha kwenye makali. Akasita, akapitisha tena. Kisha kile kiatu cha kulia akakitia kwenye begi lake, akafunga zipu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, na hakuinua uso kunitazama.

Kesho yake alasiri, Raya akiwa na mkono uliofungwa shingoni, Bibi alitoa shabu. Kwa wasiojua, ni lile jiwe jeupe kama donge la barafu ambalo wazee wetu hulitumia kutafuta jicho la hasidi. Alimzungushia Raya kichwani mara saba huku anasoma sura ya Falaq, na aya ya mwisho nilikuwa naijua maana yake kutoka chuo cha Kurani: kuomba kinga na shari ya hasidi anapohusudu. Niliisikia mara saba. Kisha akalitia donge kwenye makaa ya chetezo. Shabu likiungua hutoa povu, huvimba, na likitulia huwa na umbo, na Bibi alijisifu kwamba katika umbo lile anaiona sura ya aliyemtupia mtu jicho. Nilikaa kwenye kona ya zulia, nikingoja sura yangu itoke.

"Fungueni pazia nione," alisema Bibi. Akainama. "Tizameni mdomo huu. Una pengo hapa mbele. Mnaliona?"

Nikafunga mdomo wangu, na jino langu la nusu ndani yake. Mama aliinama naye, akasema analiona. Nilikuwa nimeshaanza kulia kimoyomoyo.

"Na pua hii, ndefu hii," Bibi akaendelea. "Ndo yeye. Mswidi. Kamsifu mtoto wa watu mbele ya kaumu nzima, mashallah hakusema. Na macho yake yale ya buluu. Nnakwambieni, siku ile ile mie nlijua."

Pua yangu ni fupi, na ndiyo iliyoniokoa. Kwa siku mbili nilizungumza kwa kubana midomo, na mama akadhani ninamlilia ndugu yangu.

Siku ya tatu Kocha alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa meno yake na amebeba kopo la biskuti. Wazazi wangu walikuwa kazini. Bibi alimfunika Raya kanga mpaka machoni, akampeleka chumbani akafunga mlango, halafu, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa na jicho, akatoa halwa na kahawa. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyewekwa katikati yao.

"Zuwena, muulize. Siku ile alipomsifu Raya, kasema mashallah?"

Nilimuuliza. Kocha alitaka kujua neno lenyewe lina kazi gani. Nikamweleza kwamba ukisifu kitu unalisema ili jicho lako lisikidhuru. Akaweka kikombe chini.

"Wanaamini ni jicho langu lililomwangusha?"

"Ndiyo."

"Na wewe, Zuwena?"

Ningeweza kusema pale. Bibi asingefahamu hata neno moja, tungekuwa sisi wawili tu katika lugha ile.

"Bibi ndiye anayejua mambo haya," nilimjibu.

Alinitazama. Macho yake kweli yalikuwa ya buluu, na yalikuwa yamechoka.

"Basi mwambie bibi yako naomba radhi," alisema. "Mwambie sikulijua neno hilo. Na mtoto aliumia akiwa mikononi mwangu, hilo ni langu."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa Kiswahili kizuri, bila kukosea. Bibi alilainika, akamwongezea halwa. "Kakiri mwenyewe," aliniambia. "Muungwana huyu, masikini, jicho lake tu. Lakini mwambie Raya harudi kule." Nikatafsiri na hilo.

Bibi hakuwa na ubaya, ila alikuwa na simu, na alikuwa hodari wa kurekodi sauti na kuwatumia wenzake. Katika wiki mbili wasichana sita wa familia za kwetu zinazosema Kiswahili walitolewa timuni. Safari ya Dubai ikafa, na wenye uwanja wakaona hakuna haja ya kumwongezea mkataba kocha wa timu isiyokuwepo. Mimi peke yangu niliruhusiwa kuendelea. Nilipomuuliza Bibi kwa nini, alijibu huku anachambua mchele.

"Wewe nenda tu. Wewe hana cha kukuhusudia."

Basi nilikwenda, miezi ile iliyobaki, na Kocha aliendelea kunipa viatu. Alinipa jozi chache za watoto waliobaki, na siku moja akaniwekea na vyake. Niliponoa alivichukua, akavivaa, akaingia kwenye barafu na lile goti lake, bila kupitisha ukucha. Nilimtazama nikaamini kwamba hajui kitu.

Siku nyingine, tukiwa tumeinama kwenye kazi, alinisimulia jinsi mwisho wake ulivyokuwa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, goti limeanza, na timu ikamleta kijana wa kuchukua nafasi yake, akaambiwa amfundishe. "Nilimchukia msimu mzima," alisema. "Wiki mbili za kwanza nilimfundisha makosa kwa makusudi. Mpaka leo sijamwambia." Jiwe lake likasimama, akangoja.

"Aha," nilisema, nikaendelea kusugua.

Alikuja kuaga jioni moja, saa kumi na moja. Mimi nilifungua mlango. Akamuulizia Raya. Raya alikuwa nyuma ya mlango wa chumba, hatua tatu kutoka tulipo, nilisikia pumzi yake. Nikamwambia amelala. Kocha alitazama saa yake, akatazama ule mlango, akasema nimsalimie. Akashuka ngazi moja moja kwa sababu ya goti, na nilimsikiliza mpaka alipofika chini.

Mambo mengine mtu huyafahamu akiwa na mikono ya mtu mzima. Siku hizi mimi nafundisha watoto uwanjani pale Ijumaa. Mwaka wa kwanza nilitafuta mtoto wa kunisaidia kunoa, na nikajikuta nawapita wepesi wote, nawapita wenye sifa, natafuta yule ambaye ningethubutu kuvaa kiatu alichokishika. Nilimpata mmoja, na nilipomkabidhi jiwe ilibidi nikae. Nimejua pia kwamba makali yaliyokufa kwa kukanyaga saruji huwa na mikwaruzo, na yaliyouliwa na jiwe huwa laini. Ukucha unajua mara moja. Kwa hiyo Kocha alijua tangu akiwa amepiga magoti kwenye barafu, alijua akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, na alijua siku alipovaa vyake bila kuvipima. Raya alipewa sifa ya siku moja. Mimi nilikuwa nimepewa kilichobaki cha kazi ya Kocha, Jumanne na Alhamisi, na nikakaa nacho mapajani nikimwonea mwingine kijicho.

Kutoka gereji siku ile sikwenda kazini. Nilikwenda Madinat Sultan Qaboos, anakokaa Raya na mumewe na mtoto wao. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, hakuna tena wa kumwogopa wala wa kujificha nyuma yake. Nilimwambia Raya yote, toka jiwe mpaka shabu. Alikuwa anamkunjia mtoto nguo, na hakuacha kukunja.

"Mtulinga ulipona wiki sita," alisema mwishowe. "Siku ile alipokuja kuaga, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia umelala."

Hapo ndipo alipoacha zile nguo. Alilia, na nilielewa kwamba hakulilia bega.

"Nilikuwa namsomea Falaq," alisema. "Miaka yote hii kila nikimkumbuka namsomea Falaq. Mtafute, Zuwena. Mwambie sikuwa nimelala."

Kumpata hakukuwa na kazi. Amerudi mji wake wa kaskazini, anafundisha watoto, na katika picha ya timu yao mtandaoni amesimama nyuma na pengo lake wazi. Niliandika palepale, mbele ya Raya, maneno yake tu, bila kuongeza la kwangu. Jibu lilikuja kesho yake. Alisema alijua kwamba Raya hakuwa amelala, na kwamba amefurahi kusikia habari zake. Chini yake aliongeza mstari mmoja: "Na wewe, Zuwena, bado unanoa?"

Raya kila siku ananiuliza kama nimeshamjibu. Bado.